Matawi ya Mkwe Asiye na Miguu

9 Februari

Kwako mpwa wangu,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima, ingawa nyumba nzima kwa sasa ni mimi na paa lake. Sijambo. Goti la kushoto linanisemesha kila asubuhi, lakini halina jipya. Mshonaji wa jirani anakusalimu, anasema sketi yako iko tayari tangu wiki uliyoondoka na anakuomba usinenepe huko. Paka wa nyumba ya nyuma amezaa tena, wala haoni haya. Bomba la uani nimelitengeneza, na sasa linavuja upande wa pili.

Barua yako ya kwanza ilifika. Nimefurahi kusikia umeanza kazi, na kwamba mashine moja huko inameza mashuka ya wodi nzima kwa mkupuo. Wewe uliyekuwa ukifua soksi moja ukaisahau ya pili, leo unafulia hospitali! Kweli tembea uone.

Sasa la nyoka. Makubaliano yetu nayakumbuka: nikae naye mwaka huu mmoja, mkataba wako ukiisha Januari urudi umchukue. Usiporudi, yule mwalimu wa baiolojia aliyekufundisha kumtunza atakuja na kapu lake. Wewe unamwita Mkufu. Mimi nimemwita Mkwe, kwa sababu ndiye mwanamume pekee uliyewahi kuniletea nyumbani, naye hana miguu wala kazi. Nimeshika maneno yako kwamba ni chatu wa aina ndogo, hana sumu, hatakua kupita urefu wangu. Pamoja na hayo, panya wake namtupia kwa koleo nikiwa nimesimama mlangoni.

Shida ni hii. Tangu uondoke amejiviringisha kwenye kona ya sanduku lake la kioo pale chumbani kwako, hatoki. Anakula, anarudi kona. Nikakumbuka ulisema anapenda kupanda, basi nimemtengenezea nguzo. Imesimama wima, imenyooka, nimeipiga msasa ikateleza kama kioo, na nimeiwekea vijiti vya kukanyagia kushoto na kulia kama nguzo zetu za umeme kazini. Ni nguzo ambayo fundi umeme yeyote angeipanda kwa heshima. Hajaigusa. Anaitazama tu, kama wakubwa wa ofisini wanavyozitazama nguzo.

Niambie nimekosea wapi.

Mjomba wako

3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini goti limenyamaza. Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno. Chumba tunalala wanne, na dirisha letu linatazama ukuta wa jengo jingine, kwa hiyo asubuhi tunaijua kwa kelele za mabomba. Mwambie mshonaji sijanenepa, aache uchokozi.

Barua yako niliisoma kitandani, nikacheka hadi wenzangu wakadhani nalia. Vijiti vya kukanyagia, Mjomba? Atakanyagia nini?

Nyoka hapandi kama wewe. Wewe unakwenda juu kwa sababu kuna waya umekatika. Yeye anapanda ajinyooshe, ajikune, anuse kuna nini, kisha alale hapo kidogo. Nguzo iliyopigwa msasa hana pa kuishika. Tafuta matawi ya kweli, yenye magome yake. Yalaze mshazari, yapishane. Moja liwe nene kama mkono wako, jingine jembamba kama kidole gumba. Usichukue mti unaotoa utomvu. Yamwagie maji ya moto yaue wadudu, yaanike juani hadi yakauke, halafu uyafunge imara, maana tawi likimwangukia hatalipanda tena. Na baada ya muda uyahamishe, maana hata yeye huchoka kuona kitu kilekile. Mtupie majani makavu, muwekee kisanduku chenye tundu la kujifichia. Mnyama akiwa hana la kufanya anasinyaa, Mjomba.

Mti mzuri kuliko yote ni mpera wetu wa uani. Lile tawi linaloelekea dirishani, nililokuwa nikikaa ukinitafuta nikachote maji, likate hilo. Nakupa ruhusa.

Kazini nimepangwa kukunja mashuka na mwanamke mmoja mrefu. Tunamwita Twiga, naye ameridhika. Hatuna lugha moja, kwa hiyo tunaongea kwa kuvuta shuka. Juzi alivuta kwa nguvu kama ulivyokuwa ukivuta wewe, kana kwamba shuka ni waya wa umeme, na mimi nikafungua mdomo kukugombeza. Kisha nikaona ni yeye. Siku nzima iliyobaki sikuwa na raha.

Mpwa wako

28 Machi

Kwako mpwa wangu,

Salamu nyingi. Hapa tuko salama. Mshonaji ameolewa na cherehani mpya, hatusikii lingine. Mvua moja ilinyesha ikatudanganya, ikaenda zake.

Matawi nimepata. Vijana wa gari la kazi walikuwa wanapunguza miti iliyogusa nyaya barabara ya juu, wakanishushia lundo zima hapa mlangoni. Nikakaa uani nikichagua kama bibi anayechagua mchele. Nimeyachemshia maji, nimeyaanika, nimeyapishanisha mshazari kama ulivyosema. Kila maungio nimeyafunga kwa tepu nyeusi ya umeme, mizunguko ya kutosha, nikaikaza. Hata tembo hawezi kuitikisa kazi ile.

Mpera sitaukata. Una siafu. Halafu mwaka huu umezaa vizuri. Halafu panga halina makali.

Lakini sikiliza. Jana saa nane mchana jua lilipoingia dirishani, Mkwe alinyanyua kichwa. Akatoa ulimi, akauchezesha. Akaliegemea tawi la chini kama mzee anayejaribu kiti kipya, akaenda, akasimama, akaenda tena, akafika juu kabisa. Huko akajimwaga juu ya tawi, nusu huku, nusu kule, kichwa kinaning'inia. Nilisimama nikitazama hadi chai yangu ikawa maji. Nilitaka kugeuka nimwambie mtu, "Unaona?"

Kuhusu mashuka, mimi nayakunja kwa kufunga ncha mbili kwenye kitasa cha mlango. Kitasa hakigombi, ila hakicheki pia.

Mjomba wako

15 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, salamu zote, mimi mzima, mengine baadaye. Toa tepu! Itoe yote leo hii, kabla hujamaliza kusoma. Kosa langu ni kutokutaja, lakini nani angefikiri? Gundi ya tepu ikishika magamba inayachuna na ngozi yake. Tumia kamba ya katani, au skrubu ziingie kutoka nje. Ukimkuta amenasa, usivute. Paka mafuta ya kupikia, ngoja yaloweke, ubandue taratibu kutoka kichwani kwenda mkiani, usirudi kinyume.

Nimefurahi alivyopanda. Nimekisoma kile kipande kwa Twiga, hakuelewa hata neno, lakini aliona uso wangu akacheka.

Sasa swali. Saa nane mchana, siku ya kazi, ulikuwa nyumbani unafanya nini? Na tangu lini vijana wa gari wanakushushia matawi wewe, badala ya wewe kuwa juu unayakata na kuwashushia wao?

Mpwa wako

6 Mei

Kwako mpwa wangu,

Salamu. Afya njema, nyumba njema, paka wamegawiwa majirani.

Barua yako ilipitwa na gundi. Wiki moja kabla haijafika, nilisikia mtikisiko kwenye sanduku, nikaenda nikamkuta Mkwe amenasa. Joto lilikuwa limebandua ncha ya tepu, ikamshika ubavuni. Alikuwa anajivuta, na kila akijivuta magamba yanainuka. Mimi fundi wa miaka yote hii, nimewafunga viumbe wa Mungu kwa tepu!

Nikamwita mshonaji. Akaja mbio na futi yake shingoni, akachungulia, akarudi nyuma hadi kabatini.

"Mafuta," akasema. "Gundi dawa yake mafuta. Hata mkasi wangu naufanyia hivyo."

"Haya, mshike basi nimpake."

"Nani? Mimi? Mimi nitamimina. Wewe shika. Kwani mkwe ni wa nani?"

Basi nikamshika. Nilifumba macho kwanza. Mpwa wangu, kumbe ni mkavu! Siku zote nilidhani ana utelezi. Ni mkavu na ana uvuguvugu, na ndani ya mkono wako unasikia nguvu yake ikisogea. Tukapaka, tukangoja, nikabandua kutoka kichwani kwenda mkiani. Sikuwa na barua yako wakati ule, mkono wenyewe ulijua. Magamba machache yametoka, lakini hakuna damu.

Nilipomaliza hakutaka kurudi kwenye sanduku. Alinipanda mkononi, akapita kwapani, akaja kutulia nyuma ya shingo yangu. Nikakaa kwenye kitanda chako, sikuthubutu hata kukohoa. Mshonaji akaniuliza kama nimekufa. Nikamwambia aende zake. Nilikaa vile hadi jua likahama dirishani. Tangu uondoke hakuna aliyenigusa, ukimtoa kinyozi.

Hilo la mwisho nilitaka kulikata, lakini nimeandika kwa wino.

Maungio sasa ni ya kamba ya katani. Swali lako lile nimeliona.

Mjomba wako

20 Juni

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara kadhaa nikaiacha. Hali yangu nzuri. Meno yamezoea baridi. Twiga amenifundisha wimbo wa kwao, mimi nimemfundisha kusema "vuta" na "legeza," na kwa maneno hayo mawili tunasikilizana kuliko watu wengi walio kwenye ndoa.

Ulichoandika kuhusu Mkufu kukaa shingoni kwako nimekisoma hadi karatasi imelegea kwenye mikunjo. Nilipofika kwenye neno kinyozi niliiweka barua chini. Nilitoka nje nikasimama kidogo.

Kuna jambo. Mashine ya pasi ilikwama, ile yenye rola kubwa, na fundi wao hakuwapo. Nikaifungua. Umenilea kwenye visanduku vya zana, ningefanya nini? Ilikuwa uzi tu umejisokota. Kesho yake msimamizi akaniita ofisini, chumba kina kiti kimoja na mmea uliokufa, akaniambia wananitaka niongoze sehemu yote ya pasi. Mkataba mpya wa miaka miwili, ungeanzia pale wa sasa unapoishia. Wananingoja hadi mwisho wa Oktoba.

Sijajibu.

Yule mwalimu wa baiolojia, bado anamtaka Mkufu? Nauliza tu. Isije ikawa nakubebesha mzigo.

Mpwa wako

8 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Nilijiambia ni posta, lakini posta haijawahi kuchelewa hivi.

Wiki jana nilipiga simu. Najua wewe na simu ni chui na paka, ukiishika unasema "sijambo" na kukata. Safari hii hukuwapo hata kusema hivyo. Alipokea mshonaji, umeiacha kwake. Akasema, "Mjomba wako yuko ndani anagonga tangu mchana, hataki kuona mtu." Halafu, kama mtu anayetaja bei ya vitambaa, akaniambia walikushusha nguzoni wiki ileile niliyoondoka. Uko stoo, unafanya kazi hadi mchana, basi.

Mjomba! Miezi yote hii unaniandikia habari za paka. Nyumba ni mimi na wewe tu tangu mama alipofariki ukanichukua, mimi sikumbuki hata siku moja uliyorudi nyumbani bila harufu ya nguzo. Halafu hili nalijua kwa mshonaji?

Nijibu. Hata kwa kunigombeza.

Mpwa wako

29 Agosti

Kwako mpwa wangu,

Salamu. Mshonaji mdomo wake hauna breki, nimemwambia hivyo mbele ya wateja wake.

Ni kweli. Walitupima, daktari akalikunja goti langu likalia kama bawaba. Wakasema watu wazee wakae chini. Sasa nahesabu vikombe vya nguzo, vile vya kushikia nyaya, kwenye rafu na kuwapa vijana wanaokwenda kuvifunga, wananiambia "asante mzee," wanaondoka na gari, na mimi nabaki na feni. Sikukuambia kwa sababu ungerudi na ndege ya kwanza, au usingerudi, na yote mawili sikutaka kuyajua. Huko juu kulikuwa na upepo. Na kutoka nguzo ya kona niliweza kuona paa letu, nikajua kama umeamka kwa kutazama nguo kwenye kamba.

Mwalimu alikuja na kapu, Januari hata haijafika. Nilipoona umemtaja kwenye barua yako nilielewa kabisa unauliza nini, nikaifungia barua kwenye kisanduku cha zana badala ya kukujibu. Nilimwambia nyoka hatoki hapa. Akauliza kama mwenyewe amerudi. Nikamwambia arudi siku nyingine, na siku hiyo pia sitakuwepo.

Kisha nikachukua panga, nikalinoa, nikaukata mpera. Lile tawi lako. Nililikata kwa hasira, sitakudanganya, halafu nikakaa nalo uani kama mtu aliyevunja sahani ya mgeni. Sikulipiga msasa. Nimelichemshia maji, nimelianika, na kwa sababu halikuingia kwenye sanduku, nimejenga upya. Nimechukua chumba chako chote upande wa dirisha, ukuta hadi ukuta, wavu laini, fremu ya mbao, skrubu zote kutoka nje. Kitanda chako nimekitoa nikakiweka barazani, nimekifunika turubai. Matawi yanapanda, yanashuka, yanakutana. Kuna majani chini, kuna beseni, kuna kisanduku chenye tundu. Nilipomfungulia, alipita matawi yote ya barabarani bila kuyatazama, akaenda moja kwa moja kwenye la mpera. Amejivulia ngozi hapo, imetoka nzima kama soksi.

Kuhusu mkataba, wewe ni mtu mzima. Kazi kama ni nzuri, saini. Mimi na Mkwe hatuna shida.

Mjomba wako

22 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Twiga anaumwa mafua, kwa hiyo wiki hii nakunja na mtu mwingine asiyejua kuvuta wala kulegeza.

Pole kwa goti. Pole kwa nguzo. Pole ningekupa uso kwa uso.

Lile banda nimeliona kwa macho yangu kabisa jinsi ulivyolieleza, na ni zuri kuliko chochote nilichowahi kumpa Mkufu. Lakini nikafika kwenye kitanda changu nikasimama. Umekitoa, Mjomba. Chumba umempa yeye chote. Halafu mstari unaofuata unaniambia nisaini, hamna shida. Nimebaki najiuliza kama mmeshanizoea nikiwa mbali. Sikulaumu. Anayeondoka hana haki ya kupanga vyombo vya aliyebaki.

Lakini nakuomba kitu kimoja, na safari hii usiniletee siafu wala panga butu. Naweza kurudi Januari. Kazi ya kufulia ipo hata huko, nitatafuta. Naweza pia kubaki, kazi hii naiweza na wananiheshimu. Mizani iko sawasawa, nakuambia kweli, imekataa kulala upande wowote. Sema wewe. Usimtume Mkufu, habari zake ninazo. Ukisema rudi, narudi, wala sitakuuliza sababu. Ukinyamaza, kimya nacho ni jibu.

Mwisho wa Oktoba, Mjomba.

Mpwa wako

21 Oktoba

Mpwa wangu,

Salamu leo nitaziweka mwisho, maana nikianza nazo nitaishia hukohuko.

Barua yako ilifika mwanzoni mwa mwezi. Nimeijibu kila jioni na kila asubuhi nimelichoma jibu. Ya kwanza ilihusu matawi. Ya pili nilikuambia mambo ya ujana na nafasi isiyokuja mara mbili, nikajisikia kama bango la serikali. Nilipoona siku zimekwisha na hakuna barua itakayowahi, leo mchana nimeichukua simu yangu kwa mshonaji, nikamwambia atoke nje ya duka lake mwenyewe, nikakupigia.

Ukapokea. Sauti yako ilikuwa karibu, kama uko jikoni. Na mimi nikakuuliza kama mvua inanyesha huko. Ukasema hainyeshi. Nikasema, haya, afadhali. Nikakata.

Nimepanda nguzo umeme ukiwaka, mpwa wangu, mikono haikunitetemeka hata siku moja. Leo neno dogo limenishinda. Mshonaji amerudi ndani akaniona, akanisogezea kiti chake cha cherehani.

Basi naliandika. Rudi.

Rudi, mwanangu. Si kwa ajili ya nyoka. Mkwe anapanda, anakula, analala, hana habari na wewe wala mimi. Mimi ndiye ninayekutaka. Nimekukumbuka hadi naona aibu, mtu mzima na mvi zangu. Natoka stoo mchana, na kuanzia hapo hadi jioni sina wa kumwambia "unaona?" Nakaa kwenye kile chumba nikihamisha matawi ambayo hayahitaji kuhamishwa. Na kitanda sikukitoa ili nipate nafasi. Nafasi ingepatikana. Nilikitoa kwa sababu kila nikipita mlangoni nakiona kimetandikwa, na shuka halina hata kunyanzi moja.

Kama umeshasaini, umefanya kama nilivyokuambia, na sitakuwa na neno. Nilitaka tu ujue kwamba kile kimya hakikuwa jibu.

Sasa salamu. Sijambo. Mshonaji anakusalimu. Bomba bado linavuja.

Mjomba wako

15 Novemba

Shikamoo Mjomba wangu,

Barua yako nimeletewa kazini, nikaifungua nimesimama kando ya mashine ya pasi. Twiga amepona, alikuwa ameshika ncha zake mbili za shuka akiningoja. Ameningoja sana.

Siku ile ulipopiga nilikuwa ofisini kwa msimamizi. Karatasi iko mezani, kalamu nimepewa. Nilikuwa nimejipa hadi mwisho wa mwezi, lakini yeye alikuwa anakwenda likizo akataka tumalize. Simu ikalia, nikaona ni wewe, nikasema moyoni, huyo amekuja. Nikaomba ruhusa nikatoka kwenye korido. Nilisimama kati ya mikokoteni ya mashuka machafu, nikaziba sikio la pili ili lisinipite neno. Ukaniuliza kama mvua inanyesha. Nikakujibu polepole, Mjomba, nikalivuta lile jibu niwezavyo, ili upate nafasi ya kusema linalofuata. Ukasema afadhali. Nikabaki na simu sikioni hadi ikazimika taa.

Nikarudi ndani nikasaini.

Tangu barua yako ifike nimekwenda kwa msimamizi mara mbili kuomba anirudishie karatasi. Imeshapelekwa juu, na safari yangu ya Januari imefutwa. Nimelia mbele yake na ule mmea wake. Ni mtu mwema, alinipa maji, lakini kilichosainiwa kimesainiwa. Ni miaka miwili.

Sina hasira nawe, na wewe usiwe nayo kwangu wala kwako. Ningeweza kukuuliza palepale kwenye korido, "Mjomba, ulitaka kusema nini?" Maneno hayo hayakuwa mengi. Nami sikuyasema. Umenilea wewe, nimefanana na wewe, tufanyeje?

Sasa sikiliza. Goti lipeleke kwa daktari mwingine, asiye wa ofisi yako. Usipande paa wala kuinamia lile bomba linalovuja, mwite fundi. Jioni kaa dukani kwa mshonaji hata kama mtagombana, usikae peke yako kwenye kile chumba. Kula chakula cha moto. Nipigie simu uniulize mvua kila utakapotaka, na mimi nitajua unachosema, nitakujibu hivyohivyo.

Umeniomba nirudi, nami nimechelewa kukusikia. Sasa ni zamu yangu kuomba, na naomba kwa magoti yote mawili. Nisubiri, Mjomba. Usichoke, usiugue, usiende popote. Nisubiri.

Mwanao